KARIBU NA BAHARI: KURASINI KATIKA MIAKA MIA YA USHARIKA WETU

(Hotuba iliyotolewa katika semina ya wazee wa Kanisa, wakati wa wiki ya Jubilei ya miaka 100 ya usharika)



Kamati ya Jubilei imewagawia wasemaji sehemu mbalimbali za historia yetu. Wenzangu wameeleza habari za ujenzi wa kanisa, za kwaya, za Umoja wa Wanawake na za shule ya Jumapili. Mimi nimepewa Kurasini. Mwanakamati mmoja alinitania kwamba wenzangu wamepewa nyama nami nimepewa mfupa. Naupokea kwa shukrani, maana ndani ya mfupa mna uboho.

Nasema nikijua kwamba mbele ya Baraza la Wazee lipo pendekezo la kuufunga mtaa wetu wa Kanisa ulioko Kurasini, kuuza kiwanja chake, na kutumia fedha hizo kujenga kanisa kubwa huko walikohamia watu. Hoja za wenye pendekezo si za kudharauliwa. Washarika waliobaki ni wachache. Kelele za malori huyameza mahubiri. Mnunuzi hatakosekana, kwa kuwa katika eneo lile kila kipande cha ardhi kinatafutwa kwa ajili ya kuweka makontena. Sikuja kushindana na mtu. Nimekuja kueleza mahali penyewe palivyo, ili tutakapopiga kura tujue tunapiga kura juu ya nini.

Majina yaliyobaki

Kurasini iko kusini mwa kitovu cha jiji la Dar es Salaam, katika Wilaya ya Temeke, kati ya Barabara ya Kilwa na mkondo wa bahari unaoingia nchi kavu kuelekea Mtoni. Ng'ambo ya maji ni Kigamboni. Mgeni apitaye huona kuta ndefu zenye nyaya za miiba, matangi ya mafuta, makontena yaliyopandana kama ghorofa zisizo na madirisha, na foleni ya malori isiyo na mwanzo wala mwisho. Akifika nyumbani husema, "Nilipita bandarini." Hasemi kwamba alipita mahali wanapoishi watu.

Lakini aulize majina ya mitaa: Mivinjeni, Minazini, Shimo la Udongo. Majina haya hayakutoka katika ofisi ya mchora ramani za magati. Ni majina ya watu walioitazama miti iliyokuwa imesimama mbele yao na ardhi iliyokuwa chini ya miguu yao. Mivinje mingi imekatwa, minazi imepungua, na mashimo yamefukiwa. Majina ndiyo yaliyobaki kutoa ushahidi.

Wala eneo hili si pori la vyuma tu. Humo mna Makao ya Taifa ya Watoto, wanakolelewa watoto wasio na wa kuwatunza. Mna makao makuu ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, majirani zetu katika imani. Mna Taasisi ya Uhasibu, na vijana wake waliopanga vyumba mitaani. Wapo wanaolala Kurasini, wanaosoma Kurasini, na wanaozaliwa Kurasini.

Mlango wa nchi nyingi

Tabia ya mahali hutokana na kazi iliyopewa. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga mji kando ya bandari hii ya asili, jirani na kijiji cha Mzizima. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia hapa makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo, na sababu kubwa ilikuwa maji haya yenye kina na yaliyokingwa na upepo. Kule Bagamoyo meli kubwa hutia nanga mbali na ufuko. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1905, ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1921 Uingereza iliipa Ubelgiji eneo maalum katika bandari hii, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite. Tangu siku hizo bandari ya Dar es Salaam imekuwa mlango wa nchi za watu wengi, na walio jirani na mlango ndio husukumwa na kila aingiaye na kila atokaye.

Kwa miaka mingi meli zilitia nanga katikati ya maji, na shehena ikaletwa ufukoni kwa matishari, kisha ikabebwa mabegani. Magati matatu ya kwanza ya kina kirefu yalikamilika mwaka 1956. Mengine yakafuata kuelekea kusini, hata yakawa kumi na moja, na zaidi ya hayo likajengwa gati la mafuta. Kila gati lililoongezwa liliisogeza bandari karibu zaidi na nyumba za Kurasini.

Nani waliobeba shehena hiyo? Lugha yetu imehifadhi jibu. Neno "kibarua" ni barua ndogo, yaani kipande cha karatasi ambacho mfanyakazi wa siku alipewa ili kithibitishe kazi yake. Baadaye jina la karatasi likawa jina la mtu aliyeishika. Yafaa tutafakari jambo hilo: mtu kuitwa kwa jina la kikaratasi chake! Lakini watu hao hawakukubali kuwa makaratasi. Mwezi Septemba mwaka 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma wakidai ujira unaolingana na gharama za maisha, na mgomo wao ukaenea kwa watu wa reli na katika miji mingine ya Tanganyika. Wanahistoria wanaouchunguza mwamko wa wafanyakazi wa nchi hii hawawezi kupita bila kusimama bandarini. Katika orodha zetu za Ubatizo na Kipaimara, pale palipoandikwa "kazi ya baba", neno kibarua na neno kuli yanarudi ukurasa baada ya ukurasa.

Baada ya Uhuru mlango huu ulibeba mzigo mwingine. Mwaka 1962 FRELIMO iliundwa katika jiji hili, na mwaka uliofuata Taasisi ya Msumbiji ilianzishwa papa hapa Kurasini kwa juhudi za Janet Mondlane, mke wa Dakta Eduardo Mondlane, ili kuwasomesha vijana wakimbizi. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilikabwa koo, kwa kuwa njia zake za kusini zilikuwa mikononi mwa watu hao. Mafuta yakaanza kusafirishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam katika barabara mbovu na ya hatari. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika hadi Ndola, na mwaka 1976 reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860, ilianza kazi rasmi. Kuwalisha jirani na kuwakomboa waliofungwa ni sera iliyotungwa ikulu, lakini moshi wake na uzito wake ulibebwa na watu wa kando ya bandari.

Kisha yakaja makontena, ambayo yalienea hapa kuanzia miaka ya 1980. Kazi iliyohitaji mabega ya makuli wengi ikafanywa na winchi moja na mtu mmoja. Nchi ilipata faida, nami sisemi kwamba turudi kwenye magunia. Nasema tu kwamba familia nyingi za Kurasini zilihama kutoka kwenye mshahara wa bandari kwenda kwenye biashara ya pembeni mwa bandari: chakula, ulinzi, kuosha magari, kupanga vyumba.

Walioondoka

Kadiri makontena yalivyoongezeka, uwanja wa kuyaweka ulipungua, na macho yakageukia nyumba za watu. Mwaka 2007 na 2008 maelfu ya wakazi wa Kurasini waliondolewa ili kupisha upanuzi wa shughuli za bandari, na katika miaka ya 2010 wengine wakafuata ili kupisha mradi wa kituo cha biashara. Nyumba zilizobaki katikati ziligeuzwa moja moja kuwa bandari kavu na maegesho.

Hapa naomba tutofautishe mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Fidia hufuata mwenye nyumba na mwenye ardhi. Mpangaji hana cha kuonyesha. Mama mmoja, ambaye kwa miaka mingi aliongoza maombi katika jumuiya yetu ya kule, alikuwa amepanga chumba kimoja kwa miaka kumi na tisa. Humo alizaa watoto watatu na humo alimuuguza mumewe hata akafariki. Siku ya kuhama, mwenye nyumba alipokea hundi. Yeye alipokea taarifa. Nilipomuuliza atakwenda wapi, alijibu, "Mchungaji, nitakwenda popote kodi itakaponipeleka." Maneno yale yana uzito kuliko vitabu vingi vya mipango miji.

Lakini tusiwasimulie watu hawa kama waliokaa na kulia tu. Baadhi ya waliohamishwa, wakiwa katika shirikisho la watu maskini wa mijini, waliweka akiba ndogo ndogo, wakanunua ardhi kwa pamoja huko Chamazi, wakaanza kujenga nyumba zao. Tofali moja moja, msingi baada ya msingi. Kanisa linalozungumzia uwakili lingeweza kwenda Chamazi kujifunza.

Tabia ya Kurasini

Sasa nifike kwenye jambo nililoombwa, yaani tabia ya mahali hapa.

Kwanza, ni mahali pa kubeba. Watu husema Kurasini imesahauliwa. Kwa maoni yangu neno hilo halitoshi. Kinachosahauliwa ni kile kisichotumika, na Kurasini inatumika usiku na mchana. Mafuta ya gari lako, ngano ya mkate wako na mbolea ya shamba la ndugu yako vinapita humo. Kurasini imepuuzwa kwa namna ya mlango: kila mtu huupitia na hakuna aulalaye. Faida inayozalishwa pale hupanda lori na kuondoka. Vumbi, mashimo ya barabara na harufu ya mafuta hubaki. Mwaka 2023, taifa zima lilipojadili kwa ukali mkataba wa uendeshaji wa bandari, nilisikiliza mijadala mingi. Nilisikia mengi juu ya magati, mapato na miaka ya mkataba. Juu ya watu wanaoishi nyuma ya ukuta wa bandari nilisikia machache sana.

Pili, ni mahali pa usiku. Sisi tunapofunga milango, mlinzi anaingia zamu, mama lishe anawasha mkaa, na dereva analala ndani ya lori akingoja namba yake iitwe. Ratiba za ibada zetu zilipangwa kwa ajili ya watu wanaolala usiku. Tunaposema kwamba "watu wa Kurasini hawaji kanisani", tujiulize ni saa ngapi tuliwaita.

Tatu, ni mahali pa wageni. Dereva kutoka Lubumbashi, utingo kutoka Kitwe, mfanyabiashara kutoka Bujumbura na baharia asiyejua hata neno la salamu hukutana katika benchi moja la chakula. Mkongomani na mama lishe wa Temeke huelewana kwa Kiswahili chenye ladha mbili, wakicheka maneno ya kila mmoja. Baada ya wiki moja wametawanyika. Ushirika wa namna hii ni mfupi, lakini si wa bandia.

Sitaki kuipaka Kurasini mafuta. Upo ulevi, upo wizi wa mizigo, wapo mabinti waliodanganywa na wasafiri wakaachwa na watoto, na Ukimwi ulizipunguza nyumba nyingi katika njia za malori. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016, likiwa na urefu wa meta 680, liliiunganisha Kurasini na Kigamboni, nasi tukafurahi. Lakini kwa wengi liliifanya Kurasini iwe mahali pa kupita kwa kasi zaidi. Haya yote ni kweli. Hata hivyo hayatoshi kuwa sababu ya Kanisa kuondoka. Mara nyingine ndiyo sababu ya Kanisa kubaki.

Nyumba ya Simoni

Kitabu cha Matendo ya Mitume, mwishoni mwa sura ya 9 na katika sura ya 10, kinatuambia kwamba Petro alipokuwa Yafa alikaa siku nyingi kwa mtu aitwaye Simoni, mtengenezaji wa ngozi, na kwamba nyumba yake ilikuwa karibu na bahari. Kwa miaka mingi wahubiri tumeisoma habari hiyo kana kwamba ni anuani tu. Sivyo. Kazi ya ngozi ilimgusisha mtu na mizoga, nayo ilinuka. Mapokeo ya Kiyahudi yaliyohifadhiwa katika Mishna yaliagiza viwanda vya ngozi viwe umbali wa dhiraa 50 nje ya mji, na yaliitaja kazi hiyo miongoni mwa mambo yanayoweza kumpa mke haki ya kudai talaka. Simoni aliishi pwani kwa sababu kazi yake ilihitaji maji, na kwa sababu mji haukutaka harufu yake.

Yafa ulikuwa mji wa bandari. Bila shaka zilikuwapo nyumba zenye hadhi zaidi, na watu wenye staha ambao wangefurahi kumkaribisha mtume. Petro alilala kwa mtengenezaji wa ngozi. Na ni juu ya dari ya nyumba ile, saa sita mchana, njaa ikimuuma, ndipo Mungu alipomwonyesha kwamba asimwite mtu yeyote najisi. Wajumbe wa Kornelio walipofika wakitafuta mahubiri, walielekezwa kwenye nyumba inayonuka, kando ya bahari. Mlango wa Injili kwa Mataifa, yaani kwetu sisi tulioketi hapa leo, ulifunguliwa katika mtaa wa viwanda.

Sisemi kwamba Mungu anapenda uchafu. Harufu ya ngozi haikuwa baraka kwa Simoni, wala moshi wa malori si baraka kwa watoto wa Mivinjeni, na wenye wajibu wa kuuondoa waambiwe wauondoe. Nasema kwamba mtume hakungoja mahali pawe safi ndipo apange chumba.

Ombi langu kwa Baraza la Wazee

Kwa hiyo, ndugu zangu, naleta maombi matatu.

La kwanza: tusiuze kiwanja. Najua gharama ya ombi hili. Washarika walioko Chamazi na Mbagala watangoja kanisa lao kwa muda mrefu zaidi, watasali chini ya turubai misimu kadhaa ya mvua, na baadhi yao wana haki ya kunikasirikia. Kanisa lao litajengwa, kwa mavuno na kwa bahasha, kama hili letu lilivyojengwa. Lakini kiwanja cha Kurasini tukishakiuza hatutakinunua tena, wala bei hiyo haitashuka kwa ajili yetu. Walioondoka waliondolewa. Sisi tutakuwa tumeondoka wenyewe, tena kwa kulipwa.

La pili: tubadili huduma ilingane na mahali. Iwepo ibada fupi jioni, wakati wa kubadilishana zamu. Mlango uwe wazi usiku, kiwepo choo safi na maji ya kunywa kwa madereva na mama lishe, bila kuulizana dhehebu wala dini. Awepo mwinjilisti mmoja anayejua maisha ya safari. Jambo hili halihitaji jengo kubwa. Linahitaji mtu asiyelala mapema.

La tatu: tuandike daftari la waliohama. Anayehamia usharika mwingine kwa cheti hukumbukwa. Aliyehamishwa na tingatinga hufutwa kimya kimya baada ya miaka miwili bila sadaka. Tuwatume vijana wa Kipaimara, wakiongozana na wazee wanaowafahamu watu hao, waende Chamazi, Mbagala na Kigamboni, waandike nani yuko wapi, nani amefariki, nani amebatizwa, na wapangaji wawemo pamoja na wenye nyumba. Kwa sikio la Mswahili jina Kurasini husikika kama "katika kurasa". Nachezea sauti tu, sitoi asili ya jina. Lakini haitapendeza kitabu cha miaka mia moja kichapishwe na watu wa Kurasini wasionekane katika kurasa zake. Waliwahi kuitwa kwa jina la karatasi. Sasa karatasi ichukue majina yao.

Wazee wetu waliotangulia hawakutuachia makanisa katika mitaa mizuri tu. Walitupandia mtaa mmoja karibu na bahari, penye kelele, penye jasho, penye wageni. Baraza litakapoketi, kila mzee apige kura kwa dhamiri yake mbele za Mungu. Ya kwangu mmeisikia.

Mungu awatunze walio zamuni usiku wa leo. Awakumbuke waliohama bila kuagwa. Aupe usharika huu, unapoanza karne yake ya pili, moyo wa kukaa pale alipokaa Petro. Amina.